Kiti cha Mkorea

Kwa miaka kumi na tisa Mama Kibiriti alikuwa akishona viti vya pikipiki katika kibanda kilichoegemea ubavu wa nyumba yake, na katika miaka hiyo alijifunza kuwajua watu kwa pale walipokalia. Kiti kilicholika mbele, karibu na tangi, alijua mwenyewe anapakia abiria wawili na kujibana. Kiti kilichopasuka upande mmoja, mwenyewe anatembea na funguo mfukoni kama bawabu wa gereza. Kilichochanwa kwa wembe, mwenyewe ana adui, au ana wapenzi wawili na mmoja amejua. Alivishona vyote bila kuuliza, maana mshonaji anayeuliza hupoteza wateja, lakini wakati wa chakula alimsimulia binti yake, wakacheka mpaka maji yakawapalia.

Wiki ile hawakucheka. Jumatatu binti alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akasema kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mawingu:

"Mama, nimepata pikipiki. Ya Kikorea."

Mama Kibiriti alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa taratibu.

"Wakorea wanatengeneza pikipiki?"

"Wanatengeneza."

"Mbona mimi sijawahi kushona kiti chake?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza, na ndilo lililomkaa rohoni siku zote zilizofuata. Simu za Kikorea alizijua, na jirani yake alikuwa na friji la huko huko. Lakini kiti cha pikipiki, hata kimoja, hapana. Na kwa hesabu yake, pikipiki ambayo kiti chake hakijawahi kufika mikononi mwake ni moja kati ya mawili: ama hakuna aliye mjinga wa kuinunua, ama wanaoinunua hawafiki mbali hata kiti kikapata nafasi ya kuchakaa.

Binti mwenyewe aliitwa Kibiriti tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa mdogo, mwembamba, na ukimkwaruza anawaka. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, mfanyakazi wa ofisi ya maji, na kimo hakikuwa kimeongezeka sana. Tena mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili; alizaliwa nao hivyo. Viatu vyake vyote, tangu vile vya kwanza vya kujifunzia kusimama, vilipita mikononi mwa mama yake, vikaongezwa soli ya mpira, kipande juu ya kipande, vikapigwa gundi na kushonwa. Sketi zake zilipunguzwa upande mmoja. Meza yake ya kusomea ilikatwa miguu. Mama Kibiriti alikuwa mtu wa kuikata dunia ili imtoshe mwanawe, na mpaka siku ile dunia ilikuwa imekubali kukatwa.

Sasa ofisi ilikuwa imempa Kibiriti kazi mpya: kuzungukia visima kumi na viwili vya upande wa bondeni, kuteka maji katika chupa ndogo, na kuzifikisha maabara siku hiyo hiyo kabla maji hayajaharibika. Chupa ikichelewa, maji yanamwagwa na safari imekwenda bure. Gari la ofisi lilikuwa limekufa siku nyingi na majani yameota ndani yake. Anayeitaka kazi aje na magurudumu yake, alisema mkubwa wao, na kazi inaanza Jumatatu ijayo. Kibiriti aliitaka. Alikuwa amekaa miaka minne kwenye dirisha la malalamiko, akitukanwa na watu ambao mabomba yao yamekauka, na kukaa kulikuwa kumemchosha kuliko kutukanwa.

"Basi chukua ile ya kila mtu," alisema mama yake.

Ile ya kila mtu ilikuwa aina moja ya pikipiki iliyojaa mji mzima. Vipuri vyake viliuzwa hata kwenye maduka ya sukari na sabuni.

"Sifiki chini, mama. Kule nilikojifunzia imeniangusha mara mbili, watu wanatazama. Nikisimama nasimamia mguu mmoja. Ikiinama upande wa kushoto, nasimamia hewa."

"Nitakikata kiti. Nimewakatia wangapi? Nashusha vidole vinne, unakaa kama uko kwenye kigoda."

"Ukishusha vidole vinne, nakalia nini? Plastiki. Kilomita mia na ishirini kwa siku juu ya plastiki, na nyonga yangu hii."

Mama Kibiriti alijua ni kweli, maana wengi aliowakatia viti walirudi baada ya mwezi mmoja wakitembea kama bata. Lakini hofu ikishaingia nyumbani haiulizi nani ana haki. Inavuta kiti na kukaa.

Jumatano mtu aliyekuwa anaiuza akaja nayo. Alikuwa muuzaji wa pampu za maji na jenereta, na pikipiki ile ilimfikia ndani ya kontena pamoja na pampu. Imekaa dukani miezi minane, watu wanaipiga picha na kuondoka.

"Mama yangu, mimi si mtu wa maneno mengi," alisema, kisha akasema maneno mengi. Mwisho wake ulikuwa huu: "Kaeni nayo mpaka Ijumaa jioni. Binti aijaribu. Ikibaki, tunamalizana. Ikirudi, irudi kama ilivyotoka, hata mkwaruzo nisiuone. Naiamini nyumba hii."

Ilikuwa ya kijivu, fupi, imeinamia chini kama mbuzi anayekunywa maji. Ubavuni iliandikwa kwa herufi za vijiti na viduara. Kibiriti akaipanda, akaenda nayo mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akasimama mbele ya mama yake bila kuyumba. Alikuwa anatabasamu mpaka meno ya nyuma. Mama Kibiriti akatazama barabara, kama aliyesikia mtu anamwita.

Fundi Spana akavuka kutoka karakana yake ya ng'ambo. Huyu alikuwa mtengenezaji wa pikipiki na rafiki wa siku nyingi. Viti vingi vilivyopasuka alivileta yeye. Akaizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Inaitwaje?"

"Jina lake halitamkiki," alisema Mama Kibiriti.

"Basi ikifa utaililia kwa jina gani?"

"Usinichekeshe, fundi. Nipe neno la kweli."

Akachuchumaa, akagonga hapa, akapapasa pale. "Neno la kweli, injini ni injini. Plagi yake ninayo. Beringi ninazo. Mnyororo ninao. Nyaya za klachi na breki, hizo ni zake peke yake. Ukikatika mmoja utaagiza, utasubiri."

"Siku ngapi?"

"Mimi nitajuaje? Sijawahi kuona ukikatika. Kwanza hii pikipiki yenyewe sijawahi kuiona."

"Hilo ndilo ninalosema mimi," alisema Mama Kibiriti. "Fundi hajaiona, mshonaji hajaiona. Sasa aliyeiona ni nani?"

"Aliyeiona ni mimi," alisema Kibiriti, na kuizima.

Alhamisi Mama Kibiriti hakufungua kazi. Alibeba kigoda chake akaenda kukaa kwenye njia panda kubwa, kando ya muuza vocha, akatazama pikipiki zinavyopita. Hakutazama nyuso, wala namba. Alitazama viti. Vyake alivitambua kimoja kimoja: kile chekundu cha mwezi uliopita, kile alichokiwekea kiraka cha koti, kile cha yule kijana asiyelipa. Muuza vocha akamuuliza kama anatafuta mume.

"Namtafuta Mkorea," alisema.

"Eh, mama, na wewe umeamua kwenda mbali."

Jua lilikuwa limepanda, mgongo unamuuma, na alikuwa ameanza kujiambia kwamba alijua tangu mwanzo, hakuna kitu kama hicho mjini, ilipopita. Nyekundu iliyopauka, fupi, na umbo ni lile lile. Kiti chake cheusi hakikuwa na kiraka hata kimoja. Mama Kibiriti akaacha kigoda akakimbia. Hakuwa amekimbia tangu binti yake alipokuwa na miaka sita. Alikimbia huku ameshika sketi, akipita kati ya magari na mkokoteni wa ndoo, mpaka kituo cha mafuta, na pikipiki ilipoguswa na mkono wa mjaza mafuta, yeye alikuwa ameshika kiti kwa nyuma.

Mwenyewe aligeuka. Alikuwa mwanamume mwenye mvi za pembeni, na begi la kamera kifuani.

"Samahani, kaka," alisema Mama Kibiriti, pumzi hazitoshi. "Naomba nishike kiti chako."

"Kiti changu?"

"Cha pikipiki."

Mjaza mafuta akasema, "Mzee, mkubalie. Siku kama hizi hazirudi."

Mpiga picha akashuka, akasogea kando kwa heshima, kama mtu anayempisha daktari. Mama Kibiriti akapapasa mishono, akabonyeza katikati, akabonyeza pembeni, akainama akanusa.

"Umekishona mara ngapi?"

"Sijakishona."

"Una muda gani nayo?"

"Miaka saba. Alikuwa nayo mhandisi aliyekuja kujenga daraja, Mkorea mwenyewe. Daraja likaisha, akaniachia. Mimi huzungukia shule nikipiga wanafunzi picha, siku nyingine shule nne."

"Miaka saba na hujakishona?"

"Dada, nishone kisichopasuka?"

Mama Kibiriti akasimama pale mkono ukiwa juu ya kiti. Ile hesabu yake ya mambo mawili ilikuwa na jambo la tatu, na jambo la tatu lilikuwa rahisi hata aibu: viti havikumfikia kwa kuwa havikupasuka. Mtu mwingine angeshukuru akaenda zake. Lakini mwenye wasiwasi ukimfungia mlango anatafuta dirisha.

"Na taabu yake?" akauliza. "Kila kitu kina taabu yake."

Mpiga picha hakuwa muuzaji, kwa hiyo alisema kweli. "Mwaka wa pili waya wa klachi ulikatika. Nilisukuma kilomita kumi na nne. Kipuri nikakisubiri siku ishirini na tatu. Tangu hapo nanunua viwili viwili kabla havijakatika, natembea navyo. Ukioa kwa watu wa mbali, dada, nauli ya kwao uiweke akiba."

Mjaza mafuta alicheka. Mama Kibiriti hakusikia utani, wala hakusikia viwili viwili. Alisikia kilomita kumi na nne. Njia nzima ya kurudi aliziona zimenyooka mbele yake, kokoto na vumbi, na binti yake anasukuma, mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, chupa za maji zinapata joto ndani ya sanduku. Alifika nyumbani ndipo akakumbuka kigoda chake kimebaki kwa muuza vocha.

Kibiriti aliporudi kazini akamkuta mama yake ameshakaa mezani, mikono juu ya meza, kama anayesubiri majibu ya hospitali.

"Nimempata mwenye nayo," alisema mama. "Ilimkatikia waya. Alisukuma kilomita kumi na nne. Kipuri kilikuja baada ya siku ishirini na tatu."

"Bado anayo?"

"Anayo."

"Na kiti? Wewe huwezi kuona pikipiki usitazame kiti."

"Kiti ni kiti," alisema Mama Kibiriti.

Akasimama kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Yeye, mwanamke aliyeweza kuzungumzia mshono mmoja kutoka chai mpaka chakula cha jioni, alikuwa amesema kiti ni kiti, na akajishangaa jinsi lilivyotoka bila kukwama.

Ijumaa asubuhi binti aliondoka bila kumaliza chai. Mama Kibiriti akafungua kibanda, akakata ngozi bandia ya mteja mmoja vibaya, akaikata tena, ikaharibika kabisa. Akafagia. Akatoka kuitazama pikipiki nyuma ya nyumba, akarudi. Akatoka tena. Alijua analotaka. Alitaka sababu. Kilomita kumi na nne zilikuwa sababu nzuri, lakini zilikuwa za mtu mwingine; yeye alitaka aibu aliyoiona kwa macho yake, sponji ya vipande, godoro kuukuu lililofichwa chini ya ngozi nzuri. Viti vya namna hiyo alikuwa amevifungua vingi mno, na aliyekifungua kiti hadanganywi na kava.

Akakichomoa kiti akakilaza kifudifudi juu ya meza yake. Akachukua bisibisi ndogo na koleo. Pini ya kwanza aliitoa ili achungulie tu. Ya pili, kwa sababu ya kwanza haikuonyesha kitu. Baada ya ya kumi mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, kama siku zote, pini zinadondoka ndani ya kopo, na alipozinduka kava lilikuwa limefunuka lote na kiti cha watu kiko uchi mbele yake.

Hakukuwa na vipande. Sponji ilikuwa moja, imemwagwa kama mkate kwenye chombo chake, ngumu pembeni ambako paja linabana, laini nyuma ambako uti wa mgongo unashuka, na katikati imeachwa bonde dogo la kupumzisha nyonga. Akaibonyeza kwa gumba. Ikarudi polepole, bila haraka. Akaikunja pembe, akatafuta mahali mtu alipochoka, alipodanganya, alipotaka kwenda nyumbani mapema. Hakupaona. Alitafuta kosa, akamkuta fundi mwenzake.

Ndipo maneno ya muuzaji yakamrudia. Irudi kama ilivyotoka.

Akakaa chini. Naam, angeweza kukifunga kiti. Mji mzima ni yeye peke yake angeweza, kila pini katika tundu lake, na hata aliyekitengeneza huko kwao asingejua. Alikuwa ananyanyua kava kuanza aliposikia lango, na hatua zile za binti yake ambazo angezitambua katikati ya soko. Akatupa shuka kuukuu juu ya meza.

Kibiriti alisimama mlangoni mwa kibanda. Hakuwa ameingia zaidi ya kizingiti.

"Mama, umeshinda," alisema. "Nimempigia muuzaji, anakuja saa kumi kuichukua. Nitanunua ile ya kila mtu. Wewe kata kiti, vidole vinne, vitano, utakavyo. Mimi nitazoea."

Siku tano zote Mama Kibiriti alikuwa ameyangojea maneno hayo. Alidhani yakija atapumua. Yalikuja, na ilikuwa kama mtu anayetua mzigo akakuta shingo bado imeinama. Alimtazama binti yake pale alipoegemea mwimo, uzito wote upande wa kulia, mkono umeshika nyonga bila mwenyewe kujua. Akaona kisu chake kinapita kwenye sponji ya ile ya kila mtu, laini inakwenda chini ya meza, ngumu inabaki. Kazi ya robo saa. Na binti atazoea, maana alikuwa mtu wa kuzoea. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akavuta shuka.

Kibiriti alitazama meza, akatazama kopo la pini.

"Mama."

"Najua."

"Umefungua kiti cha watu."

"Nimefungua."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Ubaya."

"Umeupata?"

"Sijaupata. Njoo uone mwenyewe." Binti hakuja. Mama Kibiriti akaendelea, macho kwenye sponji. "Na yule mwenye nayo, mpiga picha. Miaka saba hajakishona kiti. Nimekishika. Kizima. Na nyaya hununua mbilimbili, akatembea nazo, hajasukuma tena. Hayo sikukuambia."

"Ulinificha."

"Nilikuficha."

"Leo kutwa nimejiona mjinga. Nimemwambia mkubwa wangu nimebadili mawazo kuhusu pikipiki, akanicheka. Kumbe ulikuwa unajua."

"Nilijua. Kilomita kumi na nne zilinijaa kichwani, hapakubaki pa kuweka kitu kingine."

Kibiriti aliwaka, kama kawaida yake, lakini kimya kimya, masikio tu. "Unaweza kukifunga isijulikane?"

"Naweza. Saa moja."

"Basi kifunge. Arudishiwe mali yake. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nitakifunga," alisema Mama Kibiriti. "Lakini muuzaji nitamwambia nimekifungua, akitaka kunitukana anitukane. Na shauri la kuirudisha au kubaki nayo, kata wewe. Sitasema tena. Ukipanda hii nitaogopa, ukipanda ile nitaogopa, ukirudi dirishani kwako nitaogopa paa lisikuangukie. Kuogopa ni kazi yangu. Kuendesha ni yako."

Bisibisi ilikuwa inabingirika mezani. Kibiriti akaikamata kabla haijaanguka. Kisha akatoka. Mama alisikia stendi inapigwa teke, magurudumu yanakuja, na pikipiki ikaingia kibandani mkia mbele, bila kiti, mifupa nje.

"Iweke hivyo hivyo," alisema binti. "Bila kava."

Mama Kibiriti akapachika sponji. Kibiriti akapanda, akajisogeza nyuma, akajisogeza mbele, akatulia. Miguu yote miwili ilikuwa imekaa sakafuni. Mama akamzunguka, akapima kwa macho goti, nyonga, kiuno, huku na huku, kama anayempima sare. Akaona bega la kulia limeshuka mahali pake, ambapo huwa halikai.

"Inakubana wapi?"

"Hainibani."

"Usiniridhishe."

"Mama, hainibani."

Muuzaji alifika saa kumi kasoro akawakuta hivyo, mmoja juu ya pikipiki, mmoja amepiga magoti na pini mdomoni. Akashika kichwa.

"Kiti kimepatwa na nini?"

"Kinakaguliwa," alisema Kibiriti. "Tunabaki nayo. Lakini kabla ya Jumatatu nataka nyaya mbili za klachi na mbili za breki. Ukiniletea, tunamalizana. Usipoleta, irudi ilivyo, uchi."

Muuzaji alimtazama Mama Kibiriti akitafuta huruma. Mama Kibiriti alikuwa anatafuta tundu la pini.

"Binti yako ni mgumu, mama."

"Mimi nimeifungua mali yako bila ruhusa," alisema Mama Kibiriti. "Unisamehe. Kuhusu ugumu wake, huo ulikuja naye."

Muuzaji akaenda zake akipiga simu, akitaja nyaya kwa sauti kubwa. Kibiriti akashuka ili mama yake afanye kazi vizuri. Kiti kikarudi mezani, kava likavutwa, na pini zikaanza kuingia, moja moja, kila moja kwake.

"Jumatatu utatoka saa ngapi?" aliuliza mama.

"Kumi na mbili asubuhi."

"Kisima cha kwanza ni mbali?"

"Dakika arobaini."

Pini nne zikaingia.

"Utanipigia ukifika?"

"Nitakupigia."

"Na cha pili?"

"Mama, vipo kumi na viwili."

"Najua idadi yake," alisema Mama Kibiriti, akavuta kava likaze. "Kama huko bondeni hakuna mtandao, je?"

"Mama, leo ni Ijumaa. Sijatoka hata mlangoni."